Bega lililochanika: kitambaa cha plastiki kinasaidia wapi, na kinakwama wapi?

Kiroba cha mkaa au mihogo kinachopakiwa Msimbu kwenda Dar es Salaam kimefumwa kwa nyuzi za plastiki iitwayo polipropilini. Plastiki ya jamii hiyohiyo, ikitengenezwa kwa viwango vya hospitali, hutumika pia ndani ya mwili, mfano kurekebisha bega lililochanika vibaya. Kivipi?

Tuanze na bega lenyewe. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kibakuli kinachokibeba, kama mpira juu ya kisahani. Kinachokituliza ni misuli minne iliyoshikwa kwenye mfupa kwa kano. Ukianguka na bodaboda, au kano zikichakaa kwa umri na kazi, zinaweza kung'oka. Zikichanika mbili au zaidi, au mchaniko ukizidi sentimita 5, hapo hali ni mbaya. Hata kuanika nguo kambani inakuwa shughuli.

Kwa kawaida daktari huirudisha kano mahali pake na kuishona kwenye mfupa. Shida ni kwamba kano iliyochakaa ni kama shati kuukuu: uzi ni mzima, kitambaa ndicho kinachoachia. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2004, wagonjwa 18 wenye michaniko mikubwa walipimwa kwa ultrasaundi baada ya upasuaji. Kano za 17 zilikuwa zimeachia tena, ingawa wengi walipata nafuu ya maumivu.

Ndipo kinapokuja kitambaa cha bandia. Hushonwa juu ya kano kama kiraka ili kibebe sehemu ya mzigo, au huunganisha kano isiyofika tena kwenye mfupa. Nyama mpya huota kupitia matundu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya wagonjwa 152. Waliowekewa polipropilini, asilimia 17 walichanika tena. Walioshonwa tu, asilimia 41. Waliowekewa kiraka cha kolajeni, kinachotokana na wanyama, asilimia 51.

Lakini kiraka hakifufui msuli. Msuli uliokaa muda mrefu bila kano husinyaa na kujaa mafuta, na mafuta hayo kwa kawaida hayaondoki hata kano ikishonwa vizuri. Pia kitu kigeni mwilini kinaweza kuleta maambukizi.

Kwa hiyo muda ni muhimu kuliko plastiki. Si kila mchaniko unahitaji kisu. Wengi, hasa wazee, husaidiwa na mazoezi. Ila kama umeanguka na mkono haunyanyuki, usimalize miezi unachuliwa bega. Nenda Hospitali ya Wilaya Kisarawe. Ikibidi utapewa rufaa hadi Tumbi au MOI, Muhimbili. Na ukiambiwa eksirei iko safi, uliza kuhusu ultrasaundi au MRI, maana eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano.