Takwimu za Zahanati na Ghala la Pamoja

Wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, zimepakana na jiji la Dar es Salaam. Kibaha imekaa kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Kisarawe ina vijiji ambavyo njia zake hugeuka tope wakati wa masika. Kila mwezi zahanati za wilaya zote mbili hudaiwa hesabu ile ile: wagonjwa wangapi wametibiwa, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungua salama.

Hesabu hiyo hufanywa chini ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioenezwa nchini katika miaka ya 1990. Muuguzi huandika habari za wajawazito katika Kitabu cha 6 na za wanaojifungua katika Kitabu cha 12. Kisha huchora vijiti, vinne vya wima na cha tano cha kuvikata, na mwisho wa mwezi huvihesabu.

Kompyuta zilipoingia maofisini, ilidhaniwa kwamba taabu imekwisha. Lahajedwali, lile jedwali la kompyuta lenye safu na mistari, hujumlisha upesi kuliko karani yeyote. Lakini kila ofisi huwa na nakala yake. Mtu wa chanjo hurekebisha yake, mtu wa malaria yake, na baada ya juma moja kuna majalada mawili yenye jina moja na majumla tofauti. Nchini Kenya, kabla ya mwaka 2011, wilaya zilikuwa zikipeleka malahajedwali ya namna hiyo Nairobi kwa njia ya mtandao. Kuyaunganisha ilikuwa kazi ya kuchosha mno.

Kiini cha tatizo chafaa kuelezwa. Ndani ya lahajedwali, namba 14 haina jina lake yenyewe. Maana yake hutokana na mahali ilipokaa. Ukipachika mstari mmoja kwa ajili ya zahanati mpya, yamkini kanuni ya kujumlisha isiufikie. Isitoshe, chumba kitupu hujumlishwa kana kwamba ni sifuri. Hapo zahanati ambayo haikuleta taarifa hufanana na zahanati ambayo haikupata kifo hata kimoja. Kosa hilo si dogo.

Dawa yake ilianza kutafutwa Afrika ya Kusini baada ya mwaka 1994, pale wataalamu wa vyuo vikuu vya Western Cape na Oslo waliposhirikiana na wahudumu wa afya wa eneo la Cape Town. Programu yao, DHIS, ilijengwa juu ya Microsoft Access, ikakaa katika kila kompyuta peke yake. Kuanzia mwaka 2004 ilisukwa upya huko Oslo ikaitwa DHIS2: programu huria itumikayo kwa njia ya intaneti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuileta Tanzania. Mkoa wa Pwani ulikuwa uwanja wa majaribio, na kufikia mwaka 2013 mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima.

Katika ghala hili la pamoja kila namba huwekwa pamoja na majibu ya maswali matatu: ni ya kitu gani, ya wapi, ya kipindi gani. Namba 14 sasa ni watoto waliopata dozi ya kwanza ya pentavalenti, zahanati fulani, mwezi fulani, popote itakapoonyeshwa. Zahanati huning'inia chini ya wilaya, wilaya chini ya mkoa, na jumla hujitokeza yenyewe. Mfumo huonyesha pia taarifa zipi hazijafika, na huhifadhi jina la aliyebadili namba.

Tena huuliza maswali. Dozi ya tatu ikizidi ya kwanza, hutoa onyo. Onyo si hukumu: kwa mwezi mmoja jambo hilo laweza kutokea kwa haki, kwani waliochanjwa leo dozi ya tatu walianza miezi iliyopita. Likiendelea mwaka mzima, ama vijiti vimehesabiwa vibaya, ama namba imenakiliwa katika safu isiyo yake. Lipi kati ya hayo, kompyuta iliyoko makao makuu ya wilaya haiwezi kujua. Ni lazima mtu apande pikipiki mpaka Maneromango, afungue kitabu, ahesabu majina.