SINKI LIKIZIBA, USIKIMBILIE DAWA

Siku hizi hapa Lagangabilili zipo nyumba zenye bafu la ndani na sinki la kunawia mikono. Ni jambo jema. Lakini sinki nalo huugua. Unafungua koki, maji yanajaa, kisha yanashuka polepole. Povu na uchafu vinabaki juu. Watoto wanaona kinyaa, wanaondoka bila kunawa.

Hilo si jambo dogo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 kipindupindu kilizuka katika mkoa wetu wa Simiyu. Kunawa mikono kwa sabuni ni kinga mojawapo ya ugonjwa huo.

Je, kwa nini sinki linaziba? Chungulia chini yake. Utaona bomba limepinda. Usifikiri fundi alikosea. Maji kidogo hubaki katika kona hiyo na kuziba njia, ili harufu na mende wasipande ndani ya nyumba. Mtengeneza saa mmoja wa Uskoti, Alexander Cumming, ndiye aliyepata hati ya bomba la namna hiyo mwaka 1775. Yeye alilitengeneza kwa ajili ya choo.

Kona hiyo hushika pia nywele. Sabuni na mafuta ya kujipaka hugandia kwenye nywele. Kama maji ya kisima chenu hayatoi povu upesi, sabuni huganda zaidi. Na ukioshea sufuria hapo kwa mchanga na majivu, mchanga hutuama chini. Sufuria zioshee nje.

Watu wengine hununua kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, wakaimwaga kwenye bomba. Wengine humwaga maji ya betri. Usifanye hivyo! Vitu hivi huunguza ngozi, na vikiruka machoni vinaweza kupofusha. Vikikurukia, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akimeza, usimtapishe. Mkimbize kwa mganga.

Pia usichanganye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na dawa kali ya kusafishia choo. Zikikutana hutoa hewa ya klorini. Hewa hiyo ilitumika kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Bafu dogo lenye dirisha dogo si mahali pa kuijaribu.

Sasa tuzibue. Chukua spoku kuukuu ya baiskeli. Kunja ncha yake iwe ndoana ndogo. Iingize kwenye tundu la sinki, izungushe, ivute taratibu. Nywele zitatoka zimeviringana kama mkia wa panya. Zinanuka, lakini usiziache. Mara nyingi kazi huishia hapo. Mwaga maji ya moto kiasi. Yasiwe yanachemka, maana bomba la plastiki hulegea.

Kama bado, tumia mpira wa kuzibulia wenye mpini. Ziba kwanza kwa kitambaa kibichi lile tundu dogo la juu ya sinki, la sivyo nguvu yote itatokea huko. Jaza maji kidogo, kisha sukuma na kuvuta mara nyingi.

Ikishindikana, fungua kona. Weka ndoo chini. Fungua zile nati kubwa za plastiki kwa mkono. Toa uchafu, osha kona kwa maji ya ndoo. Kabla ya kuirudisha, mwaga kikombe cha maji kwenye sinki. Je, yameshuka upesi kwenye ndoo? Basi uchafu ulikuwa kwenye kona. Rudisha kila kitu pamoja na mipira yake ya duara, kaza kwa mkono tu, kisha angalia kama inavuja.

Lakini ikiwa kona ni safi, na maji ya kuogea nayo yanasimama sakafuni, kosa liko nje. Liko kwenye shimo la maji machafu. Hapa kwetu sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi udongo huu hupasuka nyufa. Masika huvimba, ukajifunga, ukakataa kunywa maji. Shimo linajaa, maji yanarudi nyuma au yanatuama uani. Mbu huzaliana hapo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja au mbili tu.

Shimo jipya lichimbwe mahali palipoinuka, penye kichanga. Liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Lijazwe mawe na lifunikwe vizuri. Mahali pa namna hiyo pakikosekana, ongoza maji ya kuogea kwa mfereji mdogo hadi kwenye migomba au mipapai, na uusafishe mfereji huo kila wiki ili maji yasisimame.