MCHANGA HUCHUJA MAJI, LAKINI SI KILA KITU

Mto ukikauka wakati wa kiangazi, wengi wetu huchimba mchangani tukapata maji. Maji hayo mara nyingi ni maangavu kuliko yale ya mtoni wakati wa mvua. Je, nani ameyasafisha?

Ni mchanga. Maji huzama ardhini polepole, yakipita katikati ya chembe za mchanga. Matope na takataka hunaswa. Vijidudu vingi hukwama pia, na vingine hufa kwa kukaa ardhini siku nyingi. Ni kama kuchuja chai: chujio hushika majani. Mchanga ni chujio nene sana.

Lakini miamba yote si sawa. Mawe ya matumbawe ya pwani, kama kule Unguja, yana nyufa na mashimo. Humo maji hupita mbio bila kuchujwa vizuri. Uchafu wa chooni unaweza kufika kisimani.

Tena kuna jambo la pili. Mwamba wenyewe unaweza kutia kitu majini. Mkoani Arusha, kuzunguka Mlima Meru, miamba ya volkano hutia madini ya floridi. Floridi ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kuchemsha hakuiondoi. Huko Arusha, kituo cha Ngurdoto kimefundisha njia ya kuipunguza kwa mkaa wa mifupa ya wanyama.

Basi, tufanye nini?

1. Tuchimbe kisima mbali na choo, mita 30 au zaidi. Kisima kiwe upande wa juu, choo upande wa chini. Penye mwamba wa nyufa, tuzidishe umbali.

2. Tukifunike kisima, na tuzuie mifugo isikikaribie. Tutumie ndoo moja tu ya kuchotea.

3. Maji ya kunywa tuyachemshe mpaka yatokote, kisha tuyaweke katika chombo safi chenye mfuniko.

4. Kabla ya kutumia kisima kipya, tuwaombe wataalamu wa maji wa wilaya wayapime maji yake.

Ndugu, maji maangavu siyo lazima yawe salama. Jicho halioni vijidudu, wala ulimi hauonji floridi.