Nyimbo, Walaji na Bei ya Mkulima

Kuanzia mwaka 2002, watazamaji wa kundi la muziki la Coldplay la Uingereza walikuwa wakiona jambo lisilo la kawaida. Mwimbaji wao, Chris Martin, alikuwa akipanda jukwaani hali ameandika kwa wino juu ya mkono wake maneno ya kudai biashara iwe ya haki. Huo haukuwa wimbo, bali wito wa kampeni iliyoanzishwa mwaka huo na Oxfam, shirika la hisani lililozaliwa katika mji wa Oxford mwaka 1942. Wasanii wa nchi nyingi waliiunga mkono, akiwemo Angélique Kidjo, mzaliwa wa Benin, nchi ambayo wakulima wake wengi huishi kwa pamba.

Wako watakaouliza, mpiga kinanda ana nini na bei ya pamba? Sisi tuliorithi sauti ya Siti binti Saad, ambaye hakuogopa kuimba habari za hukumu zisizo za haki, tusingefaa kulistaajabia jambo hilo. Tena visiwa hivi vimekwisha kuionja nguvu ya mlaji. Mwaka 1937 Serikali ya kikoloni ilikiweka chini ya mamlaka ya chama cha CGA biashara yote ya kupeleka karafuu nje. Wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na chama cha Congress huko Bara Hindi kikawataka watu wake wasinunue karafuu za Unguja na Pemba, mpaka yalipofikiwa mapatano mwaka 1938. Wapishi wa Bombay hawakupata kutuona, lakini mikono yao ilifika hadi kwenye majamvi yetu. Na tuseme kweli: ugomvi ule ulikuwa kati ya dola na wenye maghala. Mchumaji aliyekuwa juu ya mkarafuu hakuulizwa neno.

Hapo ndipo biashara ya haki inapotofautiana na mgomo ule, kwa kuwa yenyewe ilianzia kwa mkulima. Wakulima wa kahawa wa Oaxaca, nchini Mexico, pamoja na Frans van der Hoff, padri wa Kiholanzi aliyeishi nao, walitaka bei inayomwezesha mtu kuishi, wala hawakuomba sadaka. Mwaka 1988 kahawa yao ilianza kuuzwa Uholanzi ikiwa na alama ya Max Havelaar, jina lililotwaliwa katika riwaya ya mwaka 1860 inayosimulia dhuluma waliyofanyiwa watu wa Java. Mwaka uliofuata Mkataba wa Kahawa wa Kimataifa ulivunjika na bei zikaporomoka. Ndipo mashirika ya Uingereza, Oxfam likiwa mojawapo, yalipounda kampuni ya Cafédirect mwaka 1991 na taasisi ya Fairtrade mwaka 1992.

Utaratibu wake si mgumu. Huwekwa bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kuishusha, na juu yake huongezwa fungu la ushirika kwa ajili ya shule, maji au mitambo. Faida yake ilionekana mwaka 2001, bei ya kahawa mjini New York iliposhuka hata chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, na hali bei hiyo ya chini, pamoja na fungu la ushirika, ilikuwa dola 1.26. Ushirika wa KNCU wa Kilimanjaro ni miongoni mwa waliouza kwa njia hiyo. Lakini kilichouzwa hivyo kilikuwa sehemu tu ya mavuno. Kilichobaki kilikwenda sokoni kama kawaida, kwa sababu walaji walioiulizia alama ile hawakutosha. Kazi ya mwimbaji ni kuwaongeza walaji hao.

Kazi nyingine ilikuwa nzito zaidi. Mwezi wa Disemba, 2005, saini zaidi ya milioni 17 zilizokusanywa na kampeni ile, baadhi yake katika maonyesho ya muziki, zilifikishwa kwenye mkutano wa Shirika la Biashara Duniani mjini Hong Kong. Mawaziri waliafikiana kwamba ruzuku za kusafirishia mazao nje zikome ifikapo mwaka 2013. Mwaka huo ulipita vivi hivi. Uamuzi wa kuziondoa ulikatwa Nairobi, Disemba 2015, na ruzuku ambazo mataifa makubwa huwapa wakulima wao ndani ya nchi, zile walizozilalamikia Benin, Burkina Faso, Chad na Mali tangu mwaka 2003 kwa ajili ya pamba, hazikumalizwa.

Tukiwalaumu wakubwa wa ng'ambo, hatuna budi kujitazama na sisi. Zilikuwapo zama ambapo mkulima wa Pemba alilipwa kidogo mno kuliko bei ya dunia, kisha akaitwa mhaini karafuu zilipovuka usiku kwa magendo kwenda Mombasa. Mwaka 2011 Serikali ilianza kufuata sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje, na hiyo haikuwa haba. Basi maofisa wanaohusika wabandike bei ya nje na bei ya mkulima kwenye kila kituo cha ununuzi kabla ya mchumo kuanza, na mizani ikaguliwe mbele ya wenye magunia. Sura ya Mutaffifin, tuliyoihifadhi chuoni tungali watoto, haikuwasema wafanyabiashara wa Ulaya peke yao.