Mfinyanzi Aliyekataa Kulia Gaeni

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tangu shule ya msingi tumeifafanua methali hii kwa sentensi moja, kwamba fundi hafaidi kazi ya mikono yake, basi, tukahamia swali linalofuata. Katika makala hii naitumia kumweleza msanii wa Chicago, Marekani, Theaster Gates, aliyeanza na udongo akaja kujulikana kwa majengo. Katika semina yetu mwenzangu mmoja alidai kwamba Gates aliacha sanaa akawa dalali wa nyumba. Siku ile nilinyamaza kwa kukosa hoja. Haya ndiyo majibu yangu.

Gates alizaliwa mwaka 1973, mtoto wa tisa na wa kiume pekee kwao. Baba yake alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Alisomea mipango miji na ufinyanzi, akaendelea Cape Town, kisha akajifunza kwa wafinyanzi wa Tokoname, Japani. Vyungu havikumpatia jina. Ndipo mwaka 2007 akatunga hadithi: alibuni mhusika, mzee Yamaguchi, mfinyanzi wa Kijapani aliyehamia Mississippi na kuoa mwanamke Mweusi. Akaandaa karamu na maonyesho ya sahani, eti za mzee huyo. Watu wakaja, wakala, wakaamini. Kumbe sahani ni zake mwenyewe! Hebu tujiulize, sisi wa fasihi: kilichobadilika ni nini? Udongo ni uleule, mikono ni ileile. Kilichoongezeka ni masimulizi.

Mwaka 2010, huko Milwaukee, alijenga maonyesho yake juu ya mfinyanzi wa kweli, David Drake, mtumwa wa South Carolina katika karne ya 19. Drake aliandika beti kwenye mitungi na kutia sahihi yake, ingawa sheria ya jimbo ya mwaka 1834 ilikataza watumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Mtungi ulikuwa mali ya bwana, na Drake mwenyewe vilevile. Huyo ndiye mfinyanzi wa methali yetu, tena kwa maana kali kuliko tuliyofundishwa.

Nikitoka hapo ndipo ninapoyaelewa majengo. Kuanzia mwaka 2006 Gates alinunua nyumba chakavu mtaa wa Dorchester, kusini mwa Chicago, eneo la watu Weusi, akazigeuza mahali pa vitabu, muziki na filamu. Mwaka 2012 jiji lilimuuzia kwa dola 1 benki iliyojengwa mwaka 1923, iliyokuwa imefungwa kwa miaka mingi, mradi atafute mwenyewe fedha za kuikarabati. Alichukua marumaru ya vyoo vya benki ile, akaikata vipande, akavichonga maandishi na kuviuza kama hati za dhamana, dola 5,000 kila kimoja. Jengo lilifunguliwa mwaka 2015 kwa jina la Stony Island Arts Bank. Humo mna vitabu vya kampuni iliyochapisha magazeti ya Ebony na Jet, na santuri za Frankie Knuckles.

Je, huo ni udalali? Mfinyanzi huchukua udongo unaokanyagwa na kila mtu, akaukanda, akaufinyanga, akauchoma, ukawa chombo cha kutumiwa. Gates amefanya hivyohivyo kwa nyumba zilizotupwa. Wala udongo hakuuacha: banda alilojenga London mwaka 2022 lilichota umbo lake, pamoja na mengine, katika matanuri ya wafinyanzi wa Stoke-on-Trent. Anayetazama fani peke yake ataona chungu kimepotea. Anayeisoma pamoja na maudhui atakiona kimekua, watu wakaingia ndani.

Hata hivyo mwenzangu nampa haki yake mahali pamoja. Marumaru ile ilinunuliwa na wenye fedha, si na majirani wa benki. Na mtaa ukishapata jina, kodi ya nyumba inaweza kupanda, jirani wa jana akafungasha virago. Kwa hiyo tusimhakiki Gates kwa uzuri wa kuta zake. Tuhesabu majirani: nani anaingia kusoma, nani bado anaishi pale. Wakibaki, methali imepata jibu. Wakiondoka, basi gae limebadilisha mkono tu.