Goti la Nyanya na Maji Moto ya Magadi

Msomaji, huenda nyumbani kwako yuko mzazi au nyanya ambaye kila akiinuka kitini hushika goti na kuguna. Ngazi zimekuwa adui wake. Na ikiwa mnaishi pande za Laiser Hill na Kitengela, bila shaka jirani amekwisha kukushauri: "Mpeleke Magadi akaoge maji moto."

Je, ushauri huo una maana?

Ziwa Magadi limo papo hapo Kajiado, chini katika Bonde la Ufa. Kutoka Kitengela unapitia Isinya na Kiserian, kisha unateremka kupita Olorgesailie. Kandokando ya ziwa hilo maji yaliyopashwa joto na miamba ya chini hububujika yakiwa yamejaa magadi. Watu wengi huenda kujitumbukiza humo wapate kutuliza viungo.

Kwanza uelewe ugonjwa wenyewe. Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa gegedu, ambalo huifanya mifupa iteleze bila kukwaruzana. Umri, uzani mwingi au jeraha la zamani hulichakaza gegedu hilo. Ndipo goti huuma, huvimba na kukakamaa. Madaktari huita hali hii ostioathraitisi. Gegedu likishachakaa halirudishwi na maji yoyote. Magadi hulainisha maharagwe, si goti.

Hata hivyo, nafuu ipo. Joto hulegeza misuli, nayo maji huubeba mwili, goti likapunguziwa mzigo. Mwaka wa 2007 watafiti wa shirika la Cochrane walipitia majaribio 7 yaliyohusu wagonjwa 498. Waliona kwamba kuoga maji ya madini huweza kuwafaa wagonjwa hawa, lakini wakaonya kuwa ushahidi wenyewe ni dhaifu.

Basi ukimpeleka nyanya, tahadhari. Baadhi ya chemchemi hupita nyuzi 80 na huunguza. Waulize wenyeji pa kuoga, na uyapime maji kabla hajaingia. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asiingie, kwani ataungua bila kuhisi. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza. Maji yasiguse macho wala vidonda. Tena yasinywewe, kwa maana yana floraidi nyingi iharibuyo meno na mifupa. Dakika 15 zatosha.

Mkisharudi nyumbani, kazi ndiyo inaanza. Nyanya aketi kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi 5, aushushe. Arudie mara 10 kila siku. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupata mhimili. Akiwa mnene, apunguze uzani: kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Wala asiache kwenda kliniki.

Maji ya Magadi yatampa nyanya siku njema. Zoezi la kila siku ndilo litakalompandisha ngazi.