Kabla ya Kuuza Cherehani cha Zamani Kama Chuma Chakavu

Katika ziara ya kawaida kwenye kikundi kimoja cha akina mama washonaji, nilikuta vyerehani vitatu vya miguu aina ya Singer vimefunikwa magunia stoo. Fundi alikuwa ameshatoa hukumu kwamba vimekufa, na mnunuzi wa vyuma chakavu alitarajiwa Jumamosi. Tulikaa navyo siku mbili. Viwili vikashona. Cha tatu kilikuwa na ufa kwenye mwili, tukakiweka kiwe cha vipuri.

Vyerehani hivi ni vya chuma na havihitaji umeme. Kiwanda kikubwa cha Singer kule Clydebank, Scotland, kilifungwa mwaka 1980, lakini vyerehani vilivyotoka huko bado vinafanya kazi. Mara nyingi kinachovikwamisha si uchakavu, bali ni uchafu na mafuta yaliyoganda. Ndugu msomaji, kabla ya kuuza chako au kununua kipuri, fuata hatua hizi.

1. Tenganisha juu na chini
Vua mkanda, kisha zungusha gurudumu la mkono. Likizunguka vizuri, tatizo liko chini: kwenye kanyagio, gurudumu kubwa au mkanda wenyewe. Likiwa zito, tatizo liko kwenye kichwa. Jambo hili dogo linapunguza kazi nusu.

2. Kichwa kimekwama
Usitumie nguvu. Fungua bamba lililo chini ya sindano, utoe nyuzi na vumbi kwa mswaki wa zamani. Kipande cha uzi kilichojisokota humo kinaweza kufunga mashine nzima. Kama bado ni kizito, dondoshea mafuta ya taa kidogo kwenye matundu ya mafuta na sehemu zinazosuguana, mbali na moto, uache hadi kesho yake. Zungusha polepole, futa, kisha weka mafuta ya cherehani. Usiruke hatua hii ya mwisho, kwa kuwa mafuta ya taa huyeyusha uchafu lakini hayalainishi chuma. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa; yakikauka huwa kama gundi.

3. Gurudumu linazunguka, sindano haishuki
Kaza skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu la mkono. Hulegezwa wakati wa kujaza bobini, kisha ikasahaulika.

4. Kinaruka mishono
Anza na sindano, maana ndiyo kipuri cha bei ndogo kuliko vyote. Je, imepinda? Imeingia hadi juu? Upande wake bapa huelekea ilipo ndoano inayodaka uzi, na uzi huingizwa kutoka upande wenye mfereji mrefu. Kimoja kati ya vile viwili kilikuwa na tatizo hilo tu: sindano ilikuwa imegeuzwa.

5. Uzi unajikunja chini ya kitambaa
Hapa ndipo wengi hukosea. Wakiona fujo chini, wanakaza skrubu ya bobini. Kumbe kwa kawaida fujo ya chini hutokana na uzi wa juu usiobanwa vizuri. Inua mguu unaoshikilia kitambaa ili visahani vya kubana uzi vifunguke, safisha katikati yake, pitisha uzi upya, ndipo ujaribu.

6. Uzi unakatika
Vuta uzi kwa mikono. Ukikatika kirahisi, umeoza, nunua mwingine. Kama uzi ni mzima, papasa tundu la bamba. Likiwa na mikwaruzo, lainisha kwa msasa laini. Angalia pia mwendo wa kanyagio: sehemu ya juu ya gurudumu la mkono inapaswa kuzunguka kuja kwa mshonaji. Likizunguka kinyume, uzi hukatika au hujisokota.

Zaidi ya yote, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu kwenye kipande cha kitambaa. Ukigusa skrubu tatu kwa mpigo, hutajua ipi iliyoponya na ipi iliyoharibu. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, hesabu mizunguko na uiandike kwenye daftari ili uweze kuirudisha ilipokuwa.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika kama alivyoahidi. Aliwakuta akina mama wanashona sare za shule.